Springi na Bawaba: Kufufua Viungo vya Malori ya Vita

Lori la kijeshi la GMC CCKW, ambalo kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuliunda mwaka 1941 na kuliacha vita vilipomalizika mwaka 1945, ni mojawapo ya magari ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia yaliyobaki kwa wingi mikononi mwa wapenzi wa magari ya kale, hasa Marekani na Ulaya Magharibi. Zaidi ya malori 500,000 ya aina hiyo yalitoka viwandani. Herufi za jina lake zilikuwa msimbo wa kampuni: C ya kwanza ilisimamia mwaka 1941, C ya pili kabini ya kawaida iliyokaa nyuma ya injini, K ekseli ya mbele inayosukumwa na injini, na W ekseli mbili za nyuma zinazosukumwa pia, ndiyo maana magurudumu yake yote yaliweza kuvuta penye tope na mchanga. Kiwango rasmi cha mzigo wake kilikuwa tani mbili na nusu nje ya barabara, lakini jeshi halikukiheshimu kiwango hicho kwa muda mrefu.

Kati ya tarehe 25 Agosti na 16 Novemba 1944, msafara wa ugavi uliojulikana kwa jina la Red Ball Express ulipeleka mafuta, risasi na chakula kutoka Normandy hadi kwa majeshi yaliyokuwa yakisonga mbele nchini Ufaransa, na wengi wa madereva wake walikuwa Wamarekani weusi waliofanya kazi usiku na mchana. Tarehe 29 Agosti pekee karibu malori 6,000 yalisafirisha zaidi ya tani 12,000. Mizigo iliyozidi kiwango ilikuwa jambo la kila siku, na barabara zilikuwa zimechimbika kwa mabomu na vifaru. Wasomaji wa Afrika Mashariki nao wana sehemu yao katika historia ya kazi ya namna hii, kwa kuwa madereva wa kikosi cha ugavi cha jeshi la Afrika Mashariki waliendesha malori ya vita huko Abisinia, kisha Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua za monsuni na tope lililomeza magurudumu. Popote malori hayo yalipopita, sehemu iliyolipa gharama ya kwanza ilikuwa springi, na ndiyo sehemu ambayo mfufuaji wa leo hana budi kuielewa kabla ya kushika brashi ya rangi.

Springi ya lori la namna hii ni fungu la mabamba marefu ya chuma cha pua, yaliyopindwa kidogo kwa umbo la tao na kupangwa moja juu ya jingine, refu kuliko yote likiwa ndilo bamba kuu, na mengine yakizidi kuwa mafupi kadiri yanavyoliacha. Katika springi za mbele, ncha za bamba kuu hukunjwa kuwa matundu ya mviringo yanayopokea pini na bushi, yaani kikombe kinachovishwa ndani ya tundu ili pini isile chuma cha springi yenyewe. Ncha moja hushikwa imara kwenye chasisi, na nyingine huning'inia kwenye kiungo kinachobembea, kwa sababu tao linaponyooka chini ya mzigo springi hurefuka, na isipopata nafasi ya kurefuka itavunjika. Bolti ya katikati hupenya mabamba yote na kuyazuia yasiteleze, na kichwa chake hukaa katika kishimo cha ekseli ili kuiweka ekseli mahali pake. Kazi ya kulibana fungu zima dhidi ya ekseli hufanywa na yubolti, yaani bolti zilizopindwa kwa umbo la herufi U.

Mabamba hayana tao linalolingana. Yale mafupi hupindwa zaidi kidogo kuliko yale marefu, hivi kwamba fungu likikazwa kwa bolti ya katikati kila bamba hulazimika kukubaliana na jirani yake, na bamba kuu, ambalo hubeba pia misukosuko ya breki na kona, hupunguziwa mkazo kabla hata lori halijapakiwa. Fundi anayeyatengeneza mabamba yote kwa tao moja, akidhani anayanyoosha mambo, huiondoa springi kinga ambayo wabunifu wake waliiweka kwa makusudi. Isitoshe, mabamba yakisuguana hupunguza mrusho wa gari baada ya kuruka shimo. Hata hivyo hupakwa grisi yenye unga wa grafiti kwa kiasi, ili yateleze bila kukwama na bila kuyapa maji nafasi ya kukaa kati yake.

Lori la miaka themanini likisimama limeinama upande, wengi husema springi zake zimechoka na hivyo zimekuwa laini. Kauli hiyo inachanganya mambo mawili. Ugumu wa springi, yaani uzito unaohitajika ili kuishusha kwa kipimo fulani, hutegemea urefu, upana na unene wa mabamba pamoja na tabia ya asili ya chuma ambayo karibu haibadiliki hata kikichomwa tena katika tanuri. Springi iliyolala kwa sababu ya miaka ya mzigo imepoteza tao, ila haijapoteza ugumu, na tiba yake ni kurudishiwa tao. Kinachopunguza ugumu kwa kweli ni kutu, kwa maana ugumu wa bamba hufuata unene wake kwa kipeo cha tatu: bamba la milimita 10 lililoliwa na kutu hadi milimita 9 kotekote hubaki na takriban asilimia 73 tu ya ugumu wake wa awali, ingawa kwa macho linaonekana zima. Ndiyo sababu kupima unene wa kila bamba kwa chombo, kwenye sehemu ya katikati na kwenye ncha zilizokuwa zimefunikwa, ni kazi isiyoepukika.

Kutu ina madhara mengine yaliyo mabaya zaidi. Bamba lililochakaa huwa na vishimo vidogo vya kutu kwenye uso wake, na kila linapopinda mkazo hujikusanya katika ncha za vishimo hivyo mpaka ufa uanze. Uchovu wa chuma, yaani kuvunjika kwa chuma kwa mkazo mdogo unaorudiwa mara nyingi mno, huanzia hapo. Viwanda hupambana nao kwa kurusha vijiwe vya chuma kwa kasi juu ya upande wa bamba unaonyooshwa na mzigo, ili ngozi ya chuma ibanwe na kuuzuia ufa usifunguke. Bamba likisafishwa kwa mashine ya kusaga hadi kung'aa, ngozi hiyo huondolewa pamoja na kutu, na springi hupendeza kwa macho huku umri wake ukiwa umepunguzwa. Asidi kali za kuondolea kutu nazo ni hatari kwa chuma kilichokomazwa, kwa kuwa haidrojeni inayotokana nazo huingia ndani ya chuma na kukifanya kivunjike kirahisi. Njia salama zaidi ni kupuliza chembe kwa hewa kwa kiasi, kisha kukagua nyufa kwa dawa ya rangi inayopenya na kujitokeza pale penye ufa, hususan kuzunguka tundu la bolti ya katikati, ambapo mabamba mengi huvunjika yubolti zikilegea.

Kulifungua fungu lenyewe ni hatua inayodai heshima. Mabamba yaliyobanwa huhifadhi nguvu, na nati ya bolti ya katikati ikifunguliwa bila vibano, fungu huruka ghafla na kuweza kuvunja mkono. Kwa hiyo hubanwa kwanza kwa vibano viwili vikubwa au katika jiliwa, bolti ikatolewa, kisha vibano vikalegezwa polepole kwa zamu.

Bamba lililopoteza tao linaweza kupindwa upya likiwa baridi, kwa mapigo mengi madogo au kwa mashine ya kukandamiza, au kupashwa moto lote, kupindwa na kukomazwa upya. Kukomaza ni kazi ya hatua mbili. Kwanza chuma hupashwa hadi kiwe chekundu kilichokoza, katika nyuzi zinazokaribia 850 za Selsiasi kwa chuma cha springi cha kawaida chenye silikoni na manganizi, kisha huzamishwa katika mafuta ili kiwe kigumu sana. Baada ya hapo hupashwa tena, safari hii kwa joto la chini la nyuzi 400 hadi 500 hivi, ili ugumu huo wa chuma, usio ule wa springi nzima, upungue kidogo na kiweze kupinda bila kuvunjika. Anayelipasha bamba sehemu moja tu kwa moto wa gesi, au anayechomelea ufa na kulirudisha kwenye lori, huacha kando ya sehemu hiyo ukanda wa chuma ambao umekuwa ama laini mno ama mwepesi wa kuvunjika, na lori lenye bamba la namna hiyo halistahili kuingia barabarani. Wahunzi wa Afrika Mashariki, ambao kwa miaka mingi wamefua visu na mapanga kutoka springi za malori yaliyokufa, wanakijua vizuri chuma hiki: ndicho kinachotunza makali, na kinachomwadhibu asiyekizimisha kwa utaratibu.

Nyuma ya CCKW mpangilio ni tofauti. Springi ya kila upande imepinduliwa, ikashikwa katikati kwenye kitako kinachozunguka juu ya mhimili uliofungwa kwenye chasisi, na ncha zake zikalala juu ya ekseli mbili za nyuma, hivi kwamba gurudumu moja likipanda jiwe springi hugeuka mithili ya ubao wa pembea na mzigo ukaendelea kugawanyika. Ekseli zenyewe huzuiwa zisisogee mbele wala nyuma na vyuma virefu vyenye viungo vya kuzunguka. Mahali pa kuchunguza kwa makini hapa ni pale ncha za springi zinapoteleza, kwa kuwa msuguano wa miaka huchimba mfereji katika bamba, na katika bushi za kitako cha kati, ambazo zisipopata grisi hukauka na kuanza kulana na mhimili.

Kazi ya springi ikikamilika ndipo mlango unapofikiwa, na mpangilio huo una sababu. Malori ya CCKW ya mwanzo yalikuwa na kabini ya bati yenye milango kamili, kabla ya nafasi yake kuchukuliwa na kabini ya wazi yenye turubai. Lori likilala upande mmoja, chasisi na kabini vinaweza kujipinda kidogo, na mlango ukakwaruza nguzo yake hata bawaba zikiwa nzima. Anayezirekebisha bawaba kabla ya lori kusimama sawa atajikuta akiurekebisha mlango mara ya pili.

Bawaba iliyochakaa hutambulikana kwa kuushika mlango uliofunguliwa kwenye ukingo wa mbali na kuuinua: ukipanda kabla bawaba haijasogea, pini au tundu limekwisha. Uzito wa mlango huvuta bawaba ya juu nje na kuisukuma ya chini ndani, na kwa hiyo matundu hayachakai kwa duara bali huwa marefu upande mmoja. Pini mpya iliyochomekwa katika tundu la namna hiyo haiponyi chochote. Tundu hurudishiwa mviringo kwa chombo cha kukwangua kinacholipanua saizi moja juu, kisha hutiwa pini nene zaidi, au hupanuliwa na kuvishwa bushi ya shaba nyeusi, metali inayostahimili msuguano na kukubali kuchakaa badala ya bawaba. Pini iliyoganda kwa kutu hulowekwa mafuta ya kupenya kwa siku kadhaa, hupashwa joto kiasi na kusukumwa kwa mashine. Kuigonga kwa nyundo huivimbisha kichwa na kuikaza zaidi.

Swali la kubakisha au kubadilisha hurudi katika kila sehemu. Hati ya Turin, iliyopitishwa mwaka 2012 na FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, inahimiza kuhifadhi chuma cha asili kadiri inavyowezekana na kuingilia kwa uchache. Kwa bawaba, msimamo huo unafaa kabisa, kwa kuwa bawaba ya mwaka 1942 iliyotiwa bushi mpya inaendelea kuwa bawaba ya mwaka 1942. Kwa bamba lenye ufa msimamo huo una mpaka, na mpaka wenyewe ni uhai wa watu wanaotumia barabara moja na lori hilo: bamba jipya lenye upana, unene na tao sahihi lifungwe, na la zamani liwekwe kando likiwa na alama yake.

Baada ya kufungwa, yubolti hukazwa kwa zamu lori likiwa limesimama kwa uzito wake, na hukazwa tena baada ya kilomita chache za mwanzo na mzigo, kwa maana rangi na kutu iliyobaki kati ya mabamba husagika na fungu hupungua unene. Kuruka hatua hiyo ya dakika chache kunaweza kuvunja bolti ya katikati.