Miji Midogo, Rekodi Kubwa za Tramu

Tramu ya kwanza ya umeme duniani kuhudumia abiria wa kawaida haikuanzia katikati ya Berlin. Ilianzia Gross-Lichterfelde, kitongoji kilichokuwa nje ya mji huo hadi 1920. Tarehe 16 Mei 1881, Werner von Siemens alizindua hapo njia ya takriban kilomita 2.5, kutoka stesheni ya treni hadi chuo cha makadeti wa jeshi. Mhandisi Fyodor Pirotsky alikuwa ameshafanya majaribio yake St. Petersburg mwaka uliotangulia, ila yalibaki majaribio. Heshima ya huduma ya kweli ni ya Lichterfelde. Umeme wa volti 180 ulipita kwenye reli zenyewe: reli moja ikiupeleka, nyingine ikiurudisha. Farasi aliyekanyaga zote mbili penye makutano ya barabara alipigwa na umeme. Hatari hiyo ni mojawapo ya sababu zilizowafanya wahandisi waupandishe umeme juu, kwenye nyaya tunazoziona hadi leo.

Döbeln, mji wa jimbo la Saksonia, haukuuhitaji umeme kabisa. Tramu yake ya farasi ilianza 1892 ikiwatoa abiria stesheni hadi uwanja wa soko, ikaendelea kuvutwa na farasi hadi 1926, mojawapo ya za mwisho nchini Ujerumani, kisha basi likachukua nafasi yake. Tangu 2007 kipande kifupi cha njia kimefufuliwa kwa ajili ya watalii.

Ni mji gani basi ulio mdogo kuliko yote yenye tramu? Hapo pana ubishi. Jibu la kawaida ni Woltersdorf, mashariki ya Berlin, wenye wakazi zaidi ya 8,000 na njia ya kilomita 5.6 iliyofunguliwa Mei 1913. Lakini Bad Schandau, ukingoni mwa mto Elbe, haufikishi wakazi 4,000, na tramu yake inakwenda tangu 1898. Wanaoitetea Woltersdorf husema ile ya Bad Schandau ni ya watalii: inapanda kilomita 8 kwenye bonde la mto Kirnitzsch hadi maporomoko ya Lichtenhain. Kwangu mimi hoja hiyo ina uzito, maana tramu ya mji ni ile inayompeleka mtu kazini na kumrudisha nyumbani. Hata hivyo Bad Schandau ina taji lake lisilo na mpinzani: ndiyo tramu pekee ya Ujerumani inayoingia ndani ya hifadhi ya taifa.

Naumburg ndio mji ninaouenzi kuliko yote. Uko karibu na mto Saale, una wakazi zaidi ya 30,000, na kanisa lake kuu liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Stesheni ya treni ilijengwa bondeni, mbali na mji wenyewe, ndiyo maana 1892 ikaletwa tramu ya mvuke. Mwaka 1907 ikawa ya umeme, na baadaye njia ikauzunguka mji wa kale wote kwa duara kamili la takriban kilomita 5. Reli zake zimeachana mita moja, kipimo kile kile cha Reli ya Kati ya Tanzania. Wenyeji waliipa jina Wilde Zicke, yaani mbuzi jike mkorofi.

Ilivuka vita viwili vya dunia na miaka yote ya Ujerumani Mashariki. Mwaka 1991, nchi ikiwa imeshaungana, huduma ikasimamishwa. Tramu za Mühlhausen (1969) na Eisenach (1975) zilizimwa vivyo hivyo na hazikurudi tena. Huko Naumburg wapenzi wa tramu walikataa. Waliokoa magari ya zamani, wakaanza na safari za watalii, wakazidi kuusukuma mji na jimbo hadi mwaka 2007 tramu ikarudi kuwa usafiri wa kila siku, kwa magari yale yale ya ekseli mbili ya zama za Ujerumani Mashariki. Mwaka 2017 njia ikarefushwa hadi Salztor. Sasa ina karibu kilomita 3, na ndiyo mtandao mdogo kuliko yote ya tramu za mjini Ujerumani. Sehemu iliyobaki ya duara la zamani bado haijarudishwa.