Haidrojeni ya Kijani: Tuwapime Mafundi Kabla ya Kuleta Mitambo

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, kamati yetu ya msikiti hapa Mkuyuni hupokea wazazi wenye swali moja: kijana asiyepata nafasi ya kuendelea na kidato cha tano ajifunze nini? Jibu letu limezoeleka: umeme, uchomeleaji au ufundi bomba. Jibu hilo bado ni sahihi. Hata hivyo, fani hizo tatu zinaelekea kudaiwa zaidi ya tulivyozoea, na yafaa wazazi walijue hilo mapema.

Serikali na wawekezaji wa Afrika Mashariki wameanza kuzungumzia haidrojeni ya kijani. Haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote. Hupatikana kwa kupitisha umeme katika maji, ukaitenga na oksijeni. Nayo huitwa ya kijani pale umeme huo unapotokana na maporomoko ya maji, jua, upepo au joto la ardhi. Kuzalisha kilo moja huhitaji takriban lita 9 za maji safi na uniti 50 hadi 55 za umeme. Matumizi yake yaliyo karibu nasi zaidi ni mbolea, kwa kuwa amonia, ambayo ndiyo asili ya urea anayoinunua mkulima wa Kanda ya Ziwa, hutengenezwa kwa haidrojeni.

Jambo hili si geni barani Afrika. Huko Aswan, Misri, kiwanda cha mbolea kilichoanza mwaka 1960 kilitumia kwa miongo mingi umeme wa mto Nile kuzalisha haidrojeni. Nile hiyo hiyo ambayo sehemu ya maji yake hutoka katika ziwa letu. Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023. Nasi Tanzania tunalo Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115.

Pamoja na neema hiyo ipo hatari. Haidrojeni haina rangi wala harufu, na mwali wake ni vigumu kuonekana mchana. Hushika moto ikiwa asilimia 4 tu ya hewa, na huendelea kuwaka hata ikifikia asilimia 75. Hupenya katika nyufa ambazo gesi nyingine hazipiti, na baadhi ya vyuma huvifanya vikatike kwa urahisi. Fundi anayechomelea mageti kwa ustadi mkubwa hawezi, kwa ustadi huo pekee, kukabidhiwa bomba la gesi hii. Ni lazima afundishwe, kisha apimwe. Kiungo alichochomelea kipigwe picha ya eksirei, bomba lijaribiwe kwa mgandamizo, na geji zihakikiwe. Bila maabara ya kufanya hayo, cheti ni karatasi tu.

Waislamu hatupaswi kuiona hoja hii kuwa ngeni. Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwapo muhtasibu, aliyekagua mizani sokoni na kuchunguza kazi za mafundi, kwa sababu kazi ya fundi ni amana. Anayetoa cheti anatoa ushahidi, na ushahidi hautolewi kwa kukisia.

Maabara za namna hiyo ni ghali, na si kila nchi itamudu kujenga zake zote. Ndiyo maana tunaona njia ya kanda kuwa bora. Mfano tunao. Mradi wa EASTRIP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2018, ulichagua vituo 16 vya mafunzo ya ufundi nchini Ethiopia, Kenya na Tanzania, kila kimoja kikiwa na fani yake. Kampasi ya DIT hapa Mwanza ilipewa teknolojia ya ngozi. Chuo cha Ufundi Arusha kilipewa nishati jadidifu huko Kikuletwa. Na Kenya ikaweka mafunzo ya jotoardhi chini ya KenGen. Vituo hivyo havikuanzishwa kwa ajili ya haidrojeni, lakini msingi umekwisha kuwekwa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, nayo inazitaka nchi wanachama zitambuane sifa za kitaaluma. Fundi aliyepimwa Mwanza anapaswa kuaminiwa Kisumu na Jinja.

Wapo watakaouliza: je, mitambo isipokuja? Swali hilo ni la haki, maana miradi mingi ya haidrojeni duniani imeahirishwa au kufutwa kwa sababu ya gharama. Ndiyo maana hatushauri kijana afundishwe haidrojeni peke yake. Anayejua kuchomelea mabomba ya mgandamizo mkubwa atahitajika katika mitambo ya oksijeni ya hospitali, katika gesi ya kupikia na melini. Ujuzi uliopimwa haupotei. Hatari iliyo kubwa zaidi ni mitambo kuja na kukuta vijana wetu hawana cheti kinachoaminika. Hapo wenye ujuzi wataletwa kutoka mbali, nao wa kwetu watabeba saruji.

Kwa hiyo tunawaomba wanaopanga miradi ya nishati waweke fedha za mafunzo na maabara mwanzoni, na Kanda ya Ziwa isisahauliwe. Kwa wazazi tunasema: msiwaache watoto, wa kiume na wa kike, waikimbie fizikia na hisabati. Na kwa mafundi waliojifunzia gereji bila kupita chuoni, VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wao. Waende wakapimwe, wasingoje mtambo ujengwe.