Kimya cha Baharini: Sauti Kama Nyenzo ya Kuwafuatilia Samoni

Makala haya yanadhamiria kueleza mbinu inayotumiwa na wanasayansi kujibu swali ambalo kwa muda mrefu lilikosa jibu: samoni wanaotoka mtoni kuelekea baharini hufia wapi?

Samoni wa pwani ya magharibi ya Kanada na Marekani huanguliwa katika maji baridi ya mito, hushuka baharini wakiwa wachanga, hukulia huko, kisha hurejea katika mto uleule walimozaliwa ili kutaga mayai. Zamani wataalamu waliweza kukadiria walioondoka na waliorudi tu. Yaliyotukia katikati yalibaki fumbo. Fumbo hilo lina gharama. Mwaka 2009, samoni aina ya sokai wapatao milioni 10 walitarajiwa kurejea katika mto Fraser, Kanada. Waliorejea hawakufika milioni 2. Serikali ikalazimika kuunda tume ya uchunguzi.

Mawimbi ya redio hayafiki mbali katika maji ya chumvi. Sauti, kwa upande wake, husafiri baharini kwa kasi ya takribani mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Kwa hivyo samaki hulazwa kwa dawa, hupasuliwa kidogo tumboni, kifaa chenye umbo la kidonge hutiwa ndani, na jeraha hushonwa. Kifaa hicho hutoa mlio wenye msimbo wa pekee, mithili ya jina la samaki huyo, kwa mitetemo 69,000 hivi kwa sekunde. Sikio la binadamu hukomea takribani 20,000. Vipokezi hupangwa safu safu sakafuni mwa bahari, kila kimoja kikisikia umbali wa mita mia kadhaa. (Tumeepuka neno kinasasauti kwa kuwa kifaa hiki hakihifadhi sauti; huandika msimbo na saa tu.) Mradi wa POST, uliokuwa sehemu ya Sensa ya Viumbe wa Baharini ya 2000 hadi 2010, uliweka safu kama hizo katika mlango-bahari wa Juan de Fuca na kwingineko katika pwani ya British Columbia.

Ugumu hasa haumo katika mlio bali katika kimya. Samaki asiposikika, je, amekufa au amepita kimyakimya? Tuseme samaki 100 wamesikika katika safu ya pili. Ikiwa 90 kati yao walisikika pia katika safu ya kwanza, basi safu hiyo ya kwanza husikia tisa kati ya kila kumi wanaopita, na hesabu yake husahihishwa kwa kiwango hicho. Safu ya mwisho haina nyingine mbele yake ya kuisahihisha. Kwa maoni yetu, hapo ndipo takwimu hizi zinapohitaji kusomwa kwa tahadhari kubwa zaidi.

Mwaka 2008, David Welch na wenzake walichapisha katika jarida la PLoS Biology matokeo yaliyozua mjadala. Walilinganisha samoni wachanga wa mto Columbia, wenye mabwawa mengi ya umeme, na wale wa Fraser, ambao mkondo wake mkuu hauna bwawa. Ungetarajia wa Fraser wawe wamenusurika zaidi. Haikuwa hivyo. Wapo waliokimbilia kudai kwamba mabwawa hayadhuru. Dai hilo limevuka mipaka ya ushahidi: samaki anaweza kudhoofishwa bwawani akaja kufia baharini, na Fraser nao una matatizo yake.

Isitoshe, kifaa hakienei katika tumbo la kila samaki. Wale wadogo mno huachwa, na wakubwa ndio huwasemea. Aidha, sili husikia mlio huo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, walionyesha kuwa sili wa kijivu waliwekwa kizuizini wakajifunza kuutumia mlio huo kumtafuta samaki aliyefichwa. Na sili akishammeza samaki, kifaa huendelea kulia tumboni mwake, na kipokezi huandika kwa uaminifu kuwa samoni amepita.