Magurudumu ya nyuma yanalia? Usisafiri kabla ya kujua sababu



Siku ya mapumziko ulibadilisha freni za nyuma za motokari yako. Kesho yake, ukienda kazini, unasikia magurudumu ya nyuma yanalia: wiii! Ukiongeza mwendo sauti inapanda, ukipunguza inashuka. Jirani anakuambia: «Ni freni mpya, zitazoea.» Pengine ni kweli. Lakini Jumapili unataka kupeleka mama na watoto kutoka Likasi mpaka Lubumbashi, kilometa kama 120. Tafuta sababu kwanza.

HATARI NI GANI?

Freni inayobaki imeshika gurudumu inapata moto sana, na moto huo unafika kwenye mafuta ya freni. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hayachemki kabla ya digri 205. Lakini mafuta haya yanavuta unyevu wa hewa, na yakizeeka yanaweza kuchemka karibu na digri 140. Yakichemka yanatoa mvuke. Hapo unakanyaga pedali, inakwenda mpaka chini, na motokari haisimami.

SIKILIZA

Tafuta njia tupu, isiyo na watu, uende polepole. Usizime motere.

1. Weka vitesi katikati, uache motokari iteleze. Sauti ikiendelea kufuata mwendo wa magurudumu, haitoki kwenye motere.

2. Kanyaga freni kidogo. Sauti ikikatika au ikibadilika, tafuta ndani ya freni. Isipobadilika, fikiria rulema, mipira ya magurudumu au difrensieli.

3. Pinda kidogo kushoto, halafu kulia. Ukipinda kushoto, uzito unakwenda upande wa kulia. Sauti ikizidi hapo, rulema ya kulia ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

4. Tembea kilometa chache bila kutumia freni sana, usimame pahali sawa. Karibisha kiganja kwenye kila gurudumu la nyuma, lakini usiguse. Gurudumu moja likiwa na moto kuliko lingine, freni yake haiachii.

INUA KAMA UNAVYOFUNDISHWA KAZINI

Kazini hupiti chini ya mzigo uliotundikwa. Nyumbani pia usiingie chini ya motokari inayosimama juu ya kriki peke yake. Kriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Chagua udongo mgumu na sawa. Legeza kidogo nati za gurudumu. Zuia magurudumu ya mbele, mbele na nyuma yake, kwa sababu freni ya mkono utaifungua. Inua, uweke miguu ya chuma iliyo imara. Usiweke matofali: yanapasuka bila kutoa habari.

Sasa zungusha gurudumu kwa mkono.

Likizunguka kwa uzito, garnitiri zimepanuliwa mno, au kamba ya freni ya mkono imevutwa sana. Regeza, ujaribu tena.

Ukisikia chuma kinakwaruza, angalia bati la nyuma ya tamburi. Mara nyingi linapindwa na turnavisi wakati wa kutoa tamburi iliyokwama. Linyooshe lisiguse tena.

Garnitiri ikikaa upande, angalia resori. Moja iliyowekwa vibaya inatosha kuleta kelele.

Ukisikia mngurumo mkavu, au ukishika gurudumu juu na chini na linacheza, ni rulema. Katika motokari nyingine, kutoa tamburi ni kutoa rulema pia. Nati ya katikati ikikazwa kupita kipimo, rulema inabanwa, inalia na kupata moto. Ikilegea, gurudumu linacheza. Kipimo kimeandikwa katika kitabu cha motokari. Usikadirie kwa nguvu ya mkono. Na rulema iliyokwisha kuharibika haiponi kwa kutiwa gresi. Ibadilishwe.

VUMBI LA FRENI

Garnitiri za zamani, na nyingine zinazouzwa bila alama, zinaweza kuwa na amianti. Vumbi lake linaingia katika mapafu na linaweza kuleta kansa, pengine baada ya miaka 20, 30 au 40. Usilipulize kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa, na usilifagie likiwa kavu. Lilowanishe kwa maji na sabuni, ulipanguse kwa kitambaa, ukifunge kitambaa katika mfuko na kukitupa. Watoto wakae mbali. Nguo za kazi hiyo zisifuliwe pamoja na nguo za jamaa.

KABLA YA KUONDOKA

Kaza nati za gurudumu kwa kupishana, si kwa kuzunguka mfululizo, halafu uziangalie tena baada ya kilometa 50 hivi. Kanyaga pedali mara kadhaa motokari ikiwa imesimama. Lazima iwe ngumu. Halafu jaribu freni polepole karibu na nyumbani.

Na sauti ikibaki? Peleka motokari kwa fundi anayejua, na Jumapili hiyo upande basi pamoja na jamaa yako. Safari inaweza kungoja. Watoto wanaokaa nyuma hawajui sauti ile ina maana gani. Wewe unayeshika usukani ndiwe unayepaswa kujua.

Usalama hauishi kwenye mlango wa kiwanda.