Tableti ya dada yatuumbua Mbande

MWENZENU nimeumbuka, msomaji. Tena si kwa demu wala kwa deni la kijiweni. Nimeumbuliwa na tableti, kile kidude ambacho wengi tunakiita kishikwambi tangu makarani wa Sensa ya 2022 walipopita nacho milangoni kwetu. Kaa vizuri nikupe stori.

Dada yangu yuko Dubai tangu 2019, anasuka nywele saluni. Kabla hajaondoka alinunua kiwanja Mbande, kule mbele ya Chamazi. Walikichagua yeye na Mama kwa sababu ya mwembe mmoja mkubwa uliopo pale. Akawa kila mwezi anatuma mshiko wa ujenzi kwa mjomba, maana mjomba ndiye mtu mzima na ndiye anayejuana na mafundi. Na mimi je? Mimi nilikuwa mpiga picha.

Picha zenyewe zilikuwa za nyumba ya jirani. Tofali za jirani zikipanda na za dada "zinapanda". Jirani alipofunga linta, dada huko saluni akawanunulia wenzake soda. Kwenye kiwanja chake kulikuwa na msingi basi, majani yameota mpaka magotini. Kila nikituma picha mjomba alinitoa kidogo, na siku ya linta nikapewa hela ya raba. Sikuuliza imetoka wapi. Nilijua, msomaji, nisikudanganye.

Picha ya kawaida haina noma. Unachagua pembe, unaukata mwembe, unatuma, kazi kwisha. Na dada asingeweza kutuona kirahisi, maana tangu amefika huko simu za WhatsApp zilikuwa zimezuiwa, zinapita meseji na picha tu. Wenzake walikuwa wanatumia Botim, programu iliyoruhusiwa kule. Kila akiniambia niiweke, nasingizia simu imejaa. Mama naye ana kitochi, na macho yenyewe hayaoni vizuri. Kwa hiyo tukawa tunakula raha.

Mwaka jana akaja mtu kutoka Dubai na mzigo wa Mama. Kufungua, tableti ya inchi kumi! Haina laini, lakini hiyo si shida, nikawasha intaneti kwenye simu yangu, tableti ikanyonya humo humo. Botim ikaomba namba, nikaweka ya Mama, kodi ya kuhakiki ikaingia kwenye kitochi chake, nikaiandika, tayari. Mjomba alisimama mlangoni ananiangalia kwa jicho baya, lakini mbele ya Mama angesema nini?

Usiku wa kwanza Mama alikaa kimya kama dakika nzima anaugusa uso wa dada kwenye kioo, mpaka akamkata kwa bahati mbaya. Tukapiga tena. Tangu siku hiyo ikifika saa tatu usiku, kule Dubai saa nne, Mama ameshaoga, kavaa khanga mpya na kujipulizia manukato. Manukato, kwa ajili ya simu! Nimewahi kusoma kwamba Marekani mwaka 1964 kampuni ya AT&T iliweka vibanda vya simu za picha New York, Chicago na Washington, dakika tatu kwa dola 16 mpaka 27, na watu hawakuzichangamkia. Mama angepanga foleni.

Kazi ya kumtengenezea ikawa yangu. Mwanzoni alikaa na taa nyuma yake, akaonekana kivuli cheusi kinachoongea, nikahamisha kiti taa ikampiga usoni. Tableti nayo ukiilaza kwa ubavu kamera inahamia pembeni, basi Mama akawa anaonekana kama anaongea na mtu wa dirishani. Nikaisimamisha kwenye kopo la maziwa. Majirani wakaja kusalimia, kila mtu anataka kumwona. Mjomba peke yake ndiye aliyekuwa akisikia inaita anakumbuka ana safari.

Jumapili moja dada akasema, "Mdogo wangu, kesho nina ofu. Nipeleke Mbande nikaione nyumba yangu."

Nikasema bando limekwisha. Akatuma hela ya bando palepale. Nikasema mtandao wa kule unasumbua. Akasema tutajaribu.

Mjomba hakulala. Asubuhi akaja na mpango: tunaingia kwenye nyumba ya jirani, tunazunguka vyumba viwili, tunasema chaji imekwisha. Tukapanda daladala Rangi Tatu, tableti nimeipakata kama mtoto mgonjwa.

Tulipofika nikapiga. Dada alikuwa amekaa kitandani, amefunga kitambaa kichwani, amefurahi kweli. "Geuza kamera." Nikabonyeza, nikamwonyesha ukuta, dirisha, linta. Akawa analia kidogo. Hapo moyo ulianza kuniuma, lakini mjomba alikuwa pembeni ananikonyeza niendelee.

Ndipo akasema, "Toka nje, nioneshe mwembe wangu."

Msomaji, hili ndilo sikuwa nimelifikiria. Picha naichagua mimi, lakini kwenye simu ya video anayechagua ni yule wa upande wa pili. Anasema geuka, unageuka. Mwembe ulikuwa kiwanja cha pili, na chini yake majani na msingi mtupu. Nikasimama kama mlingoti. Fundi wa jirani akatokea na ndoo, akapaza sauti, "Nyie mna shida gani na nyumba ya watu?" Mjomba akaingia mitini bila hata kuaga.

Mikono ikaninyong'onyea, tableti ikainama, kamera ikatazama chini. Dada akaona mchanga na miguu yangu.

"Raba nzuri," akasema. Halafu, "Geuza kamera nikuone."

Nikageuza. Kwenye kona ya kioo na mimi nikajiona, kidogo, jasho linanitoka. Hakutukana. Aliniangalia tu mpaka nikaanza kusema, nikasema yote, kuanzia picha ya kwanza.

Usiku saa tatu Mama alikuwa ameshajipulizia manukato. Alikuwa hajui lolote, miguu inamsumbua, Mbande hajafika siku nyingi. Dada akaniomba nitoke chumbani. Nilikaa barazani zaidi ya saa nzima. Mama alipotoka hakuniuliza kitu, akanipa tableti nikaichaji.

Mjomba hajakanyaga kwetu mpaka leo. Hela za ujenzi sasa zinakwenda moja kwa moja kwa fundi, na ninachopata kwenye safu hii nusu kinakwenda huko pia, mpaka nilipe nilichokula. Kila Jumatatu nasimama Mbande na tableti, dada ananiongoza kushoto, kulia, karibu, rudi.

Jumatatu iliyopita lililetwa lori la tofali. Akataka nizihesabu kwa sauti, moja moja, huku kamera inazipitia. Nilikuwa nimefika mia mbili na kumi na nne.

"Umeruka moja," akasema.

Nikaanza upya.