Vidole Vinapokakamaa Katika Tiba ya Homoni ya Saratani ya Matiti

Maumivu ya viungo ni miongoni mwa madhara yanayolalamikiwa zaidi na wanawake wanaomeza vidonge vya kuzuia homoni baada ya kutibiwa saratani ya matiti. Mara nyingi huanza ndani ya miezi miwili au mitatu ya kwanza na hushika pande zote mbili za mwili. Magoti, nyonga, mgongo na vifundo vya miguu huuma, lakini mikono ndiyo inayosumbua kuliko vyote. Asubuhi vidole havikunjiki hadi vichangamshwe, kifuniko cha chupa hakifunguki, kukamua shuka iliyofuliwa kunakuwa adhabu, na mwiko wa ugali unaponyoka mkononi.

Chanzo kiko katika kazi yenyewe ya dawa. Takriban saratani saba za matiti katika kila kumi zina vipokezi vya estrojeni, yaani hutegemea homoni hiyo ili zikue. Mwaka 1896 daktari mpasuaji George Beatson wa Glasgow alieleza jinsi uvimbe wa matiti uliokwisha kusambaa ulivyonywea baada ya mgonjwa kuondolewa ovari, zinakotengenezwa homoni hiyo. Vidonge vya leo hufuata njia hiyohiyo bila kisu. Tamoksifeni hukalia kipokezi ili estrojeni isipate pa kushika. Letrozoli, anastrozoli na eksemesteni huzuia aromatesi, kimeng'enya ambacho huendelea kutengeneza estrojeni kwenye mafuta na misuli hata baada ya hedhi kukoma. Dawa za kundi hili la pili hushusha estrojeni kwa zaidi ya asilimia 90, na ndizo zinazoumiza viungo zaidi. Katika utafiti mkubwa wa ATAC, matatizo ya viungo yaliwapata asilimia 35.6 ya waliotumia anastrozoli na asilimia 29.4 ya waliotumia tamoksifeni. Aliye kwenye tamoksifeni naye, basi, asiambiwe kwamba maumivu yake hayawezi kutokana na dawa.

Afrika Mashariki wanawake wengi hugundulika na saratani hii wakiwa bado wanapata hedhi, ndiyo maana tamoksifeni imezoeleka sana kliniki. Ovari zinazofanya kazi huzidi nguvu dawa za kuzuia aromatesi, kwa hiyo mwanamke wa umri huo akiandikiwa mojawapo hulazimika pia kuchomwa sindano za kuzilaza ovari, au kuziondoa. Estrojeni hapo huporomoka ghafla, na mwili huvuka katika wiki chache safari ambayo kwa kawaida huchukua miaka.

Estrojeni hupunguza makali ya maumivu na kutuliza uvimbe, na ikitoweka kinga hiyo huondoka nayo. Vipimo vya picha vya mikono ya wanawake hawa vimeonyesha ala za kano zilizonenepa na kujaa majimaji, hasa kwenye vifundo vya mikono. Huu si ugonjwa wa baridi yabisi unaokula viungo, na kwa kawaida hupungua dawa inapositishwa. Lakini kifundo cha mkono ni mahali pembamba: neva kubwa ya kiganja hupita humo pamoja na kano tisa, na kano zikivimba neva hubanwa. Matokeo yake ni ganzi na kuchomachoma kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku. Katika utafiti wa IBIS-II, tatizo hili lilitokea takriban mara mbili zaidi kwa waliopewa anastrozoli kuliko kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Wengine hupata kidole kinachokwama kikiwa kimekunjwa, kisha hufyatuka kwa kishindo kidogo.

Utafiti huo wa IBIS-II una jambo ambalo waganga hulisahau. Karibu nusu ya wanawake waliomeza kidonge kisicho na dawa nao waliumwa viungo: asilimia 46, dhidi ya 51 ya waliopewa anastrozoli. Hiyo haina maana kwamba maumivu ni ya kufikirika. Umri, uzito mkubwa, kukoma hedhi hivi karibuni na dawa za saratani za kundi la taksani huchangia sehemu yao, na daktari anayetupia kila uchungu kidonge atakosa mengine yanayotibika, kama vile upungufu wa vitamini D au tezi ya shingo iliyolegea.

Tiba yenye ushahidi mzuri ni ile isiyouzwa duka la dawa, nayo ni mazoezi. Utafiti wa HOPE wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2015, ulihusisha wanawake 121 waliokuwa wakitumia dawa za kuzuia aromatesi na kuumwa viungo. Waliopangiwa kutembea kwa kasi au mazoezi ya aina hiyo kwa dakika 150 kwa wiki, pamoja na kunyanyua vitu vizito mara mbili, walipata nafuu ya wazi kuliko wenzao. Anayeumwa hujihurumia na kukaa, na kukaa ndiko kunakokakamaza. Hakuna haja ya jimu: barabara ya mtaani inatosha, na chupa zilizojazwa maji hushika nafasi ya vyuma.

Kwa mikono yenyewe, maji ya uvuguvugu asubuhi hulegeza vidole, kisha vikunjwe na kunyooshwa polepole. Upande uliopasuliwa maji yasiwe ya moto, kwa kuwa joto kali linaweza kuchochea mkono kuvimba. Bandeji ngumu ya kushikilia kifundo, ikivaliwa usiku, husaidia sana neva iliyobanwa. Kazi za nyumbani nazo zapaswa kupangwa upya: mwiko uongezewe unene kwa kuviringishiwa kitambaa, sufuria inyanyuliwe kwa mikono miwili, nazi isagwe kwa blenda badala ya mbuzi, na kukamua nguo nzito wapewe vijana wa nyumbani.

Parasetamoli ni pa kuanzia. Ibuprofeni na diklofenaki hutuliza, lakini kuzimeza kila siku kwa miezi, kama wengi wanavyofanya bila cheti, huumiza tumbo na figo na kupandisha presha. Duloksetini ilishinda kidonge kisicho na dawa katika utafiti wa mwaka 2018, ila huweza kupunguza nguvu ya tamoksifeni, kwa hiyo ni dawa ya kuamuliwa na daktari. Mwaka huohuo tiba ya sindano za Kichina ilionekana kupunguza maumivu kwa kiasi cha wastani. Vidonge vya mafuta ya samaki havikuonyesha faida ya maana kuliko kidonge cha bandia.

Hayo yakishindikana, daktari anaweza kusitisha dawa kwa wiki chache ili kuona kama yenyewe ndiyo chanzo, kisha kuanza nyingine. Mwanamke asiyeivumilia anastrozoli huweza kuimudu letrozoli au eksemesteni, na wengine hurudishwa kwenye tamoksifeni. Mabadiliko haya ni ya kawaida, wala si kushindwa kwa tiba.

Si kila maumivu ni ya kidonge. Uchungu wa sehemu moja ya mfupa usiokoma usiku na mchana, maumivu ya mgongo yanayofuatana na miguu kulegea, au kiungo kimoja kilichovimba na kuwaka moto pamoja na homa, vinahitaji hospitali bila kusubiri tarehe ya kliniki. Na kwa kuwa dawa za kuzuia aromatesi hudhoofisha mifupa, kupimwa uimara wake ni sehemu ya huduma ambayo mgonjwa ana haki ya kuiulizia.

Dawa hizi hunywewa kwa miaka 5, wakati mwingine hadi 10, na maumivu ya viungo ni sababu kubwa ya wanawake kuziacha njiani, wengi wao kimyakimya. Wanaoziacha mapema wako katika hatari zaidi ya saratani kurudi. Mwanamke ambaye mikono imeanza kumkakamaa amwambie daktari au muuguzi wa kliniki katika ziara inayofuata, aeleze yalianza lini na ni kazi gani zinamshinda, na asiache kidonge kabla hawajazungumza.