TABORA NA KARAFUU ZETU



Mkulima wa karafuu aweza kudhani kuwa Tabora haimhusu. Lakini baadhi ya mababu wa visiwa hivi walipita huko kwa miguu. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo hadi Tabora, ikaendelea Ujiji na kuvuka ziwa mpaka Manyema. Wapagazi wa Kinyamwezi, wengi wao watu huru wenye kulipwa ujira, walibeba pembe za ndovu. Na njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa, wengine wakaishia katika mashamba ya karafuu.

Waingereza walisema biashara ile ni dhuluma, na hapana shaka ilikuwa dhuluma. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash, baada ya kutishwa kwa manowari, alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Wafanya biashara wakageukia njia za nchi kavu, ikabidi litoke katazo jingine mwaka 1876.

Lakini mkataba ule haukumgusa mtumwa aliyekwisha kuwa shambani. Mwaka 1890 Waingereza waliviweka visiwa hivi chini ya himaya yao, na mtumwa akabaki mtumwa miaka 7 zaidi. Maofisa walichelea mavuno yasije yakapungua, na ushuru wa karafuu ukapungua nayo. Hata ilipotoka Dikrii ya 6 Aprili 1897, aliyetaka uhuru ilimpasa aende kuudai mahakamani; na fidia akapewa bwana, si yeye.

Kongo mambo yalizidi. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alijitangaza kuwa adui wa utumwa. Kisha mwaka 1887 akamfanya liwali wake wa Stanley Falls Tippu Tip, tajiri wa pembe na watumwa ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora. Baadaye raia waliteswa kwa ajili ya mpira, hata mwaka 1908 nchi ikatolewa mikononi mwa Leopold.

Hatusemi kuwa makatazo yale hayakufaa kitu, yaliokoa watu. Tunasema, dola likihubiri haki, tutazame faida yake iko wapi, kwani mara nyingi haki husimama pale faida inapoanza kuguswa.

Na kipimo hicho tujipimie sisi wenyewe. Bei ya karafuu ikishuka, ni nani tunayempunguzia kwanza? Mchumaji aliye juu ya mkarafuu naye ana haki yake, bei iwe juu au iwe chini.

Katibu